Salio la Kuanzia

Mtandao uliingia kiwandani Pongwe siku ya Jumatatu,
waya wa buluu uliopenyezwa dirishani
juu ya marobota ya mkonge,
na nyuma yake Ndeshi, mwalimu wa mfumo,
amebeba kompyuta kwa mikono miwili
kama mtu aliyetumwa keki ya harusi.

Kabla ya hapo kila ofisi ilikuwa na ukweli wake.
Stoo: marobota mia nne kumi na mawili.
Mauzo: mia nne na tisa.
Mishahara hawakuhesabu marobota,
walihesabu watu, na hata hao hawakulingana.
Mwisho wa mwezi tulikutana kwa meneja
kama wakwe waliokosana arusini,
kila mmoja na daftari lake kwapani.

Ndeshi hakutaka kuona daftari.
Alichora lori ubaoni, linaingia getini.
"Mtu wa geti akipokea dizeli, anaandika mara moja tu.
Stoo inapanda. Deni letu kwa mwenye dizeli linapanda.
Nawe, Mwahija, unaliona mezani pako
dereva hajamaliza chai yake."
Nikauliza, sasa nani atanipigia simu kunidanganya?
Akacheka.
Sikuwa natania.

Hoza alikaa nyuma kabisa, klipu ya baiskeli
bado imebana suruali yake.
Leja kuu ilikuwa yake tangu enzi za karatasi ya kaboni;
tarakimu zake za saba zilikuwa na mkanda kiunoni.
"Nikikosea," akauliza, "raba iko wapi?"
"Hakuna raba. Unaandika ingizo la kugeuza.
Kosa linabaki. Sahihisho linabaki. Yanakaa jirani."
Akaliandika hilo kwa wino mwekundu,
akalipigia mstari.

Siku tatu tulihamisha miaka.
Wadai. Wadaiwa, wengine marehemu.
Mashine ya kusokota namba tatu,
ile ambayo wa zamani bado wanaiita ya Zaina,
imechakaa vitabuni hadi shilingi moja
na bado inanguruma tukiwa tunaiandika.

Alhamisi, saa kumi alasiri, mfumo ukakataa.
Debiti na krediti hazilingani.
Tofauti: 18,600.00

Ndeshi akafunua leja, kidole kikashuka, kikasimama.
"Hii hapa. Mengineyo. Mnaibeba
mwaka hadi mwaka tangu tisini na nane.
Huku hakuna Mengineyo, kila shilingi ina jina lake.
Lakini ni hela ndogo. Naifuta."

"Haifutwi," akasema Hoza.

Akaja mbele. Akatoa pochi.
Noti ya elfu kumi, ya elfu tano,
tatu za elfu moja zilizolegea kama kitambaa,
sarafu tatu za mia mbili.
Akazipanga juu ya kibodi yangu, ikabidi nizisogeze.
"Niandikie risiti."

Stakabadhi namba 000001.
Imepokelewa kutoka kwa: E. Hoza.
Maelezo:
Alitamka mikono ikiwa nyuma,
kama mtoto anayesoma mbele ya mkaguzi, nami nikachapa:
dizeli ya usiku wa kumpeleka Zaina Bombo na hatukuwahi.

Kisanduku cha maelezo kinabeba herufi arobaini,
nafasi zikiwemo. Hilo Ndeshi alitufundisha Jumanne.
Nilichapa mpaka mwisho. Kikachukua kilichoweza:

DIZELI YA USIKU WA KUMPELEKA ZAINA BOMBO

Hoza akavaa miwani, akainama hadi nikasikia pumzi yake.
"Na yale mengine?"
"Hayakuingia."
Akasoma tena.
"Basi. Iache hapo hapo."

Printa ikakoroma, ikatoa karatasi yenye joto.
Aliikunja mara nne,
akaiweka kwenye pochi, pale zilipokuwa noti.

Tofauti: 0.00

Ndeshi alipiga makofi, peke yake,
kisha akaacha.