Mtego wa Baiti Moja

Saa tisa usiku, Oulu, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Mtambo wa karatasi unanguruma kama kawaida yake,
na programu ihesabuyo marobota imekufa tena
bila kuaga, bila wosia,
ila mstari mmoja: imegusa pasipoguswa.

Ilmo kaniachia kahawa na kijikaratasi:
"Tuovi, ukiitazama haifi. Nimeiendesha siku mbili, pole pole."
Namjua mtoto wa namna hiyo.
Mbele ya wageni hukunja miguu, husema tafadhali;
geuza kisogo usikie sahani.

Basi nimeandika kitatuzi changu, mistari mia na kitu.
Kwanza najigawa. Mmoja anakuwa wawili,
wote wana kumbukumbu zile zile,
wote wanadhani wao ndio mimi,
mpaka kiini kiwaambie: wewe shika namba ya mwanao,
nawe shika sifuri.
Aliyepewa sifuri ndiye mwana.

Na hapa pana jambo watu hulipita mbio:
si mzazi amkamataye mwana.
Mwana ndiye atamkaye, kabla hajasahau alikotoka:
nifuate.
Halafu anajivua chote, anavaa mwili mwingine,
na kabla ya hatua ya kwanza anasimama mlangoni
mguu juu, pumzi ndani.
Nami, ambaye kazi yangu kubwa ni kungoja,
naambiwa: amesimama. Waweza kusoma.

Nasoma. Baiti nane kwa mara, si zaidi,
kama anayechambua mchele gizani.
Pale kihesabio kinapopanda
naazima baiti moja, naiandika kiganjani nisiisahau,
mahali pake nategesha CC.
Nenda, namwambia.
Anakwenda. Anakanyaga. Anaganda.

Mtegaji ana adabu zake.
Rudisha baiti ya watu.
Mrudishe mwana nyuma unyayo mmoja,
maana kwa kuganda ameshaupita mtego,
kisha akanyage ardhi yake halisi, hatua moja tu,
ndipo utege tena.
Ukisahau, atajikwaa katikati ya neno
na lawama haitakuwa yake.

17.
18.
19.
Rafu ina nafasi ishirini, na ya kwanza huitwa sifuri.
Upande wa pili wa ukuta robota zito linashuka,
kahawa inatetemeka kikombeni.
20.
Hapo. Anainua mkono kuweka robota
penye rafu isiyokuwepo,
kwa bidii ile ile aliyoliwekea la kwanza.
Hakuwa mkaidi. Kwa Ilmo alitembea pole pole, rafu haikujaa.
Na aliyemwambia "mpaka ishirini, na ishirini yenyewe"
ni mimi, miaka kumi na miwili iliyopita,
Aarni akiwa na tetekuwanga, kalala pajani,
nikiandika kwa mkono mmoja.

Aarni sasa yuko Kajaani, jeshini, kanyolewa kichwa.
Jumapili aliniletea ujumbe wa neno moja: Nipo.
Ningetaka kumsimamisha hapo hapo, kati ya herufi na herufi,
nisome rejista zote: amekula nini, nani kamtukana,
ile soksi ya kushoto bado inamchubua?
Lakini hajatamka lile neno.
Na mimi si kiini.

Kosa nimelifuta. Alama moja ya usawa, basi.
Kuna chaguo moja sikuliwasha tangu mwanzo:
mzazi akianguka, mwana afe papo hapo.
Wengi huliwasha. Husema ni usafi.
Mimi naondoa mtego, narudisha baiti iliyo kiganjani,
wino umeshaanza kuchujuka kwa jasho,
namwachilia.

Anakwenda. Sina tena njia ya kujua anahesabu ngapi,
ila kusikiliza sakafu.