Kumi na Tisa

Ngamiani barabara zina namba,
hata mgeni hapotei, mradi ajue kuhesabu.
Mama anakaa ya Nne, baba ya Kumi na Tisa,
na hizo kumi na tano za katikati
baba hajazivuka tangu nitimize miaka kumi na minane,
siku aliyonitumia ujumbe:
Hongera. Sasa wewe ni mtu mzima.

Chuo hakijui utu uzima. Kinajua risiti.

Hakimu alisema anayesoma bado ana mzazi.
Akaandika elfu themanini kila mwezi mpaka nihitimu.
Bi Penina, karani, aligonga muhuri mara mbili,
wa kwanza haukushika wino.
Miezi kumi na saba karatasi hiyo
inakunjuka na kukunjika mkobani mwangu,
na haijalipa hata kitabu.

Leo natembea na dalali wa mahakama, Bwana Shekalaghe,
daftari kwapani, kikohozi kinamtangulia.
"Wewe nionyeshe nyumba tu. Usiseme kitu."
Ya Nane. Ya Tisa.
Ya Kumi na Mbili nikainama kufunga kamba ya kiatu
ambayo haikuwa imefunguka.

Mlangoni kadibodi: BARAFU YA UKWAJU MIA.
Baba katoka na pikipiki.
Yupo mkewe, kanga imelowa tumboni,
na kitoto cha miaka saba hivi, paji la uso langu kabisa,
kinaniletea kigoda.

Televisheni moja, anaandika dalali, kioo kina ufa.
Friji moja. "Inafanya kazi?"
Mwanamke kanyamaza.
Friji ikajijibu yenyewe, ikanguruma.

Akampigia baba, akaweka spika.
"Mwantumu? Si ungeniambia tu, mwanangu?"

Simuni mwangu mna shikamoo ishirini na mbili
zisizo na marahaba.
Sikumsomea hata moja.

"Binti," dalali kanigeukia, "nibebe, au nimpe siku saba?"
Mtoto kanishikisha barafu. "Dada, hii ya bure."
Nikampa mia yake. Akaiangalia, akamwangalia mama yake.

Mpe siku saba, nikasema.
Lakini friji iandike.
Iandike vizuri, na rangi yake.

Ya Kumi na Nane. Ya Kumi na Saba.
Ukwaju unanichuruzika mpaka kiwikoni,
nami nahesabu kurudi nyuma,
sijui kama nimedai
au nimeiba.