Marudio

Walichota uboho nyongani mwako, Akeyo,
ukasafiri ndani ya barafu kutoka Kisumu.
Wiki tatu. Jibu likaja: katika jeni moja
kipande kimeandikwa mara mbili.

Mimi mwalimu wa Kiswahili, Nyalenda;
marudio ndiyo kazi yangu.
Pole ni pole, polepole ni mwendo.
Lakini chembe zako zimesoma harakaharaka.

Daktari alivua miwani.
"Wenye badiliko hili, ugonjwa hupenda kuwarudia."
Hupenda. Neno gani hilo?

Alfajiri ufizi wako ulivuja tena.
Ukapangusa, ukauliza kama leo ni omena.
Ni omena, mwanangu. Ni omena.

Kalamu nyekundu imo mfukoni
na sijui nikosoe wapi.