Sifuri Mara Chochote

Kibosho waliniita Kikokotoo.
Mwalimu Mringi akichelewa, chaki nashika mimi
na darasa linanyamaza.
Mitihani ya miaka kumi na miwili ilikaa kichwani
kama namba za simu za wajomba:
swali la saba huwa matriki,
la tisa huwa eneo chini ya mkunjo,
na jibu, ukipotea, linakungoja nyuma ya kitabu
kama chakula kilichofunikwa.

Sasa ni Moshi mjini, Novemba,
ukumbi wa viti mia mbili, feni moja inayolalamika.
Daktari Nderingo hakuja na kitabu.
Aliandika mstari mmoja, akapangusa mikono:
*Thibitisha kwamba sifuri mara chochote ni sifuri.*

Tukacheka. Namsifu wa Rombo akasema kwa sauti,
"Hii si ya darasa la pili?"
Daktari akavuta kiti, akakaa, akatazama dirishani
kama mtu aliyejibanza barazani mvua ipite.

Dakika arobaini.
Niliandika: *kwa sababu ni sifuri.* Nikafuta.
Niliandika: *kama tunavyojua.*
Wiki iliyofuata kalamu nyekundu ikauliza pembeni:
*Nani anajua? Alijuaje?*
Mbili kwa kumi.
Mimi. Kikokotoo.

Usiku umeme ukakatika hosteli.
Nashipai amelala, mguu mmoja nje ya shuka,
na mimi na tochi ya simu, chaji asilimia tisa.
Nikamkumbuka mama Mbuyuni, na mkungu wake wa ndizi
unaorudi nyumbani jinsi ulivyotoka.
Siku bila mauzo, ukaiongezea nyingine bila mauzo,
hazizai hata nauli.
Sifuri na sifuri: sifuri.

Nikaandika hilo. Hilo tu.
Halafu nikazidisha pande zote mbili kwa yule *chochote*,
nikapata kitu kilicho sawa na chenyewe mara mbili.
Nikatoa kimoja huku, kimoja kule.
Huku pakabaki patupu.
Kule kikabaki kimoja, peke yake,
na alama ya sawasawa katikati, haina aibu.

Mistari minne.
Kwa mazoea nikafunua nyuma ya daftari kutafuta jibu.
Palikuwa na ratiba ya chakula.

Jumamosi mama akapiga.
"Mwezi mzima huo, wamekufundisha nini?"
Nikamwambia.
Akanyamaza. Nikasikia mtu anabishania bei ya parachichi.
"Na hiyo ndiyo Bodi inayokukopeshea hela?"
Ndiyo, mama.
"Haya. Nieleze basi, wateja wenyewe hakuna."

Nikaanza: chukua siku moja ambayo hukuuza kitu.

"Ipi?" akadakia. "Maana ziko nyingi."

Yoyote, mama, nikasema.
Hapo ndipo penyewe.