Asilimia Ishirini

Kazi yangu, nikiulizwa, ni uchokozi.
Mchokoza nyuki huwa na sababu zake;
yangu imeandikwa kwenye fomu, ina mhuri,
na mvuke wake umepimwa hadi tone la mwisho.

Alikuja Januari, theluji ingali mabegani,
Bohumír Vaněček, mpuliza vioo wa Nový Bor,
miaka hamsini na mitatu, mashavu yamelegea
kama mifuko iliyozoea kujazwa na kumwagwa.
"Ni pua tu," alisema kabla sijauliza.
"Kila machipuko ni pua. Napiga chafya kumi na moja,
mke wangu huzihesabu kutoka jikoni,
kisha narudi tanurini."
Daktari wake alikuwa ameandika *pumu*,
na mbele yake alama ya kuuliza.

Nikambana pua kwa kibanio.
Vuta, jaza, sasa toa, toa, toa, toa yote!
Hiyo ni sauti yangu ya kazini; nyumbani sina sauti.
Mstari ukapanda kwenye skrini kama ukuta.
Lita nne nukta moja, sekunde ya kwanza.
"Pumzi ya watu watatu hiyo," akajisifu,
akasahau pua imebanwa,
maneno yakatoka kama ya bata.

Kisha methakolini. Kwanza kiasi cha utani,
halafu mara nne yake, halafu mara nne tena.
Pafu lililotulia hupuuza,
kama mbwa mzee anayeitwa na mgeni.
Pafu lenye kisirani husikia hata mnong'ono
likakunja ngumi.
Tunachongoja ni ishirini:
pumzi ishuke asilimia ishirini,
tusimame, tumpe dawa ya kufungua, tuandike.

Dozi ya mwisho alishuka kumi na tisa.
Akapuliza tena. Kumi na tisa.
Nilisikia filimbi kifuani mwake, nyembamba,
upepo chini ya mlango usiofika sakafuni,
lakini fomu haina mahali pa filimbi.
Nikaandika: hasi.

Baada ya wiki akaniletea kikombe cha buluu.
Ukutani mwake kimenasa kiputo kimoja, kidogo kama punje ya mtama.
"Kosa," alisema, "lakini tazama lilivyo zuri."
Nikakiweka dirishani. Sikukinywea.
Kila asubuhi kile kiputo, na ile kumi na tisa.

Mwezi wa tano mibetula ikafunguka.
Vumbi la manjano juu ya magari, juu ya madimbwi,
juu ya viatu vya watoto barazani.
Nikamwomba daktari amwite tena.
Mficha maradhi kifo humuumbua;
huyu aliumbuliwa na mti.

Dozi ya pili tu. Thelathini na moja.
Mstari ukabonyea, ukalala,
na yeye, midomo bado kwenye mrija, akautazama
kama anavyotazama kioo kilichokaa motoni kupita kiasi:
hicho anakijua, hicho hakihitaji kuelezwa.

Dawa ilipomfungua akauliza,
"Kwa hiyo jibu la Januari lilikuwa la uongo?"
"Lilikuwa la Januari," nikasema.
Kuhusu tanuri sikumjibu. Si mimi niamuaye.

Nikampa kipuliziaji. Akakigeuza kiganjani.
Akakiweka mdomoni, akafanya alichofanya tangu ana miaka kumi na tano:
akapuliza.
Dawa yote ikamwagika hewani, katikati yetu.
"Kuvuta," nikasema. "Polepole. Kisha ushike."
"Bibi," akasema, macho mekundu, pua inatiririka,
"sijawahi kufundishwa kuvuta."

Basi tukaketi, goti kwa goti, dirisha limefungwa.
Akavuta. Akashika. Nikahesabu kwa vidole,
tano, sita, saba,
akakohoa.
Tukaanza upya.