Daftari Lisilo na Mchapishaji

Lilikuja limeviringishwa kwa kipande cha kanga
ndani ya mfuko wa saruji. Kijana Mafuru alilishika
kama mtu aliyetumwa na yai la jirani.
"La bibi," akasema. "Tunabomoa nyumba kule Kirumba.
Mama kasema lichomwe, au liletwe huku."

Huku ni ghorofa ya pili, chumba cha nyuma cha maktaba,
dirisha moja, na chini yake mto Mirongo
ukipeleka chupa zetu ziwani.
Mimi hushona migongo ya vitabu.
Nina wanga, uzi uliopakwa nta, na mgongo wangu mwenyewe
ambao hakuna wa kuushona.
Adui ni mchwa, ni unyevu,
ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi mwezi ukiandama,
wakaingia, wakafia katikati ya kurasa
kama nukta alizozisahau mwandishi.

Nikalifungua. Upande wa mbele, madeni:
*Bituro, dagaa madebe mawili, hajalipa.*
*Mama Kabula, chumvi. Kalipa nusu, kaapa.*
Nikaligeuza, miguu juu, kichwa chini.
Penseli. Mwandiko wa darasa la watu wazima,
herufi zimesimama mbalimbali kama abiria wasiojuana:

*Furu wa shavu jekundu, wa kwenye mawe.*
*Furu mweusi, huficha wanawe mdomoni.*
*Furu wa manjano, mdogo, mtamu kwa mlenda.*
*Furu yule wa mwaka wa mafuriko.*

Arobaini na mmoja.
Na mbele ya kila mmoja, mwaka
alipomwona sokoni mara ya mwisho.
Maana sangara alishaingia, mnene, mwenye bei,
mwenye kusafiri kwa ndege sisi tukibaki na mifupa;
na safu ile ya miaka, iliyokuwa tupu,
ikaanza kujaa kwa haraka
kama daftari la mahudhurio siku ya msiba.

Nikalipeleka kwa Bi Milembe, mwenye fomu.
Mwandishi: Nyabwire, muuza samaki.
Jina la kitabu: hakuna.
Mchapishaji?
Akavua miwani. Si mtu mbaya.
Rafu zimejaa, alisema. Paa la upande wa ziwa linavuja.
Hotuba peke yake zina makasha mia mbili
na kila kasha limekuja na barua ya kulisindikiza.
"Na hili, ndugu yangu, ni orodha ya wadaiwa."

Sikuwa na la kujibu. Nikasoma.
Nikasoma tu, kwa sauti, nimesimama, mmoja mmoja,
na nilipofika wa kumi na saba,
*furu wa mkia wa moto, hula jioni,*
akainua mkono.

"Huyo baba alikuwa akituletea, Nansio,
kawatunga kwenye unyasi, sita sita.
Nilipokua nikauliza, wakaniambia hakuna samaki wa hivyo.
Nikajua nilimwota."

Akavaa miwani. Akapiga mhuri mara mbili,
wa kwanza ulikuwa umekauka.
Kwenye nafasi ya mchapishaji akavuta mstari,
mrefu, umepinda kidogo, kama ndoana.

Ziwa nalitazama kila siku ninapokunja uzi.
Linang'aa, halina habari.
Ukilitupia jina linafumba papo hapo,
halibaki na kovu.
Ndiyo maana tuna karatasi, kitu dhaifu kuliko vyote,
kitu cha kuliwa na mdudu,
na bado ndiko waliko, arobaini na mmoja,
kavu, wazima, hawaogopi wavu.

Nimeshona na yale madeni.
Huwezi kushika ukurasa wa nyuma ukauachia wa mbele,
uzi ni mmoja.
Kwa hiyo Bituro, popote ulipo,
hai au umeshatangulia:
yale madebe mawili ya dagaa
yanatunzwa sasa na taifa.