Mkwaruzo wa Gurudumu la Tatu

Réjean aliyaleta mapya Aprili, theluji ya Chicoutimi
ikiwa bado imekaa kama mgeni asiyejua kuaga:
meusi, inchi kumi na nane, mikono mitano myembamba.
Akayashusha moja moja
kama mtu anayebeba keki ya harusi.

Yale ya kiwandani yakahamia ujiani,
manne, yamebebana,
na ugoko wangu ukayajua kabla ya macho
kila nilipoamka usiku kunywa maji.
"Yatauzwa wiki hii," akasema.
Wiki hiyo ilizaa nyingine tano.

Akaandika tangazo, akalibandika dukani kwa Gervais
kati ya paka aliyepotea na mafunzo ya akodioni:
*Rimu nne za aloi. Zilikuja na gari. Hazina kasoro.*
Nikalisoma nikiwa nimekumbatia mkate.
Nikalirudia neno hilo la mwisho,
nikageuka kutazama jibini.

Maana nilijua. La tatu lina mkwaruzo
mrefu kama kidole cha mtoto,
na aliyelikwaruza ni mimi,
Februari ya mwaka juzi, ukingoni mwa barabara, nje ya benki,
nikimwahi bwana wa mikopo kabla hajafunga dirisha.
Nilipafuta kwa mate na ncha ya skafu. Nikanyamaza.
Alipopaona, alimlaumu kijana wa duka la tairi,
na kijana alikana hadi masikio yakawa mekundu,
nami nimesimama papo hapo
nikikoroga kahawa isiyo na sukari.

Wakaja watu.
Mmoja alipima matundu ya boliti kwa vidole, akaguna, akaenda.
Mmoja alitaka kutoa mashine ya kukata nyasi,
salio tungoje Juni.
Mmoja alipiga simu, akauliza bei, akacheka, akakata.
Réjean akashusha dola hamsini,
kisha hamsini nyingine, kwa uchungu
wa mtu anayeng'olewa jino lisilouma.

Ndipo akaja Maryse Gauvreau, msambaza mikate,
gari lake pacha wa letu,
akitafuta ya kuvalishia tairi za majira ya baridi.
Hakujali kung'aa. Alitoa spana mfukoni,
akainua moja, akaligonga, akatega sikio.
La kwanza likalia. La pili likalia.
La tatu nalo likalia, zima kabisa,
ila kidole gumba chake kilikuwa kimeshatua
pale pale.

"Na hapa?"

Nikafungua kinywa.

"Mimi," akasema Réjean, bila kunitazama.
"Nje ya benki. Nilikuwa na haraka."

Nje ya benki.
Mimi sikuwahi kumtajia benki.

Akampunguzia dola ishirini.
Maryse akahesabu noti zenye harufu ya hamira,
akayapakia nyuma, kati ya kreti tupu,
na uani ikabaki alama ya mduara kwenye vumbi
ambayo mvua iliimaliza kabla ya chakula cha jioni.
Tulikula. Alisifu supu.

Novemba, magari ya chumvi yakaanza kupita.
Meusi hayapaswi kuonja chumvi, akasema,
akayavua, akayafunika blanketi la mama yake,
akayapanga ujiani.
Akaenda kununua manne ya chuma, mitumba, yenye kutu,
kwa bei iliyozidi aliyouzia yale.
Sikusema kitu.
Nilikuwa na deni la kimya; nikaanza kulilipa.

Leo alfajiri nimesikia gari la mikate likipanda mlima,
nikasogeza pazia.
Yalikuwa yetu, manne, yakitafuna theluji mpya.
Nililitafuta la tatu.
Gurudumu likizunguka, mkwaruzo hauonekani;
wala sijui amelifunga upande gani.

Nikarudi kitandani gizani, nikipapasa ukuta,
nikijiambia tahadhari, tahadhari.
Ugoko ukatangulia.